Mtoto wa Kupimwa Mlangoni

Savrigul alikuwa na miguu miwili na vijiji vinne. Miguu ilikuwa imechoka tangu mwaka juzi, lakini vijiji havikupungua, na wanawake wa vijiji hivyo hawakuacha kuzaa eti kwa sababu muuguzi wao anaumwa magoti. Februari hiyo alikuwa na wanawake tisa waliokuwa ndani ya arobaini. Kila mmoja ilimbidi amwendee mara moja kwa wiki: ampime mtoto, amtazame mama, aandike kadi, ashuke mlima, apande mwingine. Jioni alinakili yote kwenye daftari kubwa la zahanati, na mkuu wake, Mukarrama, alipitisha kidole kwenye safu za namba kama mtu anayetafuta chawa. Akikuta nafasi tupu, alisema. Asipokuta, alinyamaza, na kunyamaza kwa Mukarrama ndiko kulikuwa sifa pekee aliyowahi kumpa mtu.

Jumanne moja, adhuhuri ikikaribia, Savrigul alifika kijiji cha Safedob kwa Bibi Hosiyat. Ilikuwa nyumba ya tano tangu asubuhi. Njiani matope yalikuwa yamemeza kiatu chake cha mpira mara mbili, na mara ya pili alisimama kwa mguu mmoja akakitazama tu pale kilipozama, akifikiria kukiacha.

Nyumba zote za bonde lile zilimficha mzazi na mtoto wake kwa siku arobaini. Taa haikuzimwa. Kisu na kipande cha mkate vililala chini ya mto, na jirani akija kuazima moto au chumvi alirudishwa mikono mitupu bila kukasirika. Hayo Savrigul aliyajua toka utotoni, na kwa watoto wake mwenyewe aliyafuata yote. Lakini Bibi Hosiyat alizidisha. Kwake yeye, mtu aliyetoka kwa mzazi mwingine amebeba arobaini ya nyumba ile mabegani, na arobaini mbili zikikutana, moja humwangukia mtoto. Na kazi ya Savrigul ilikuwa kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine, mchana kutwa. Ukimsikiliza Bibi Hosiyat, wilaya nzima haikuwa na mtu wa hatari kumshinda.

Kwa hiyo wiki ya kwanza walipatana. Savrigul angebaki barazani. Bibi angemtoa mjukuu wake akiwa amefungwa vitambaa vyake vyote, kuanzia miguuni hadi shingoni, naye angetundikwa kwenye mizani palepale kizingitini, kisha arudishwe haraka kwenye joto. Vitambaa vyenyewe vilipimwa peke yake siku ile: gramu mia nne na hamsini. Kila wiki muuguzi angezitoa. Hesabu ilikuwa rahisi, baridi ilikuwa kali, na kumvua mtoto mchanga nguo nje katika theluji hata yeye asingethubutu. Alikubali. Moyoni alishukuru pia, maana kuingia ndani ni kuvua viatu, ni kuulizana habari za ukoo mzima, ni kunywa chai mabakuli mawili. Nusu saa ingekwisha hivihivi.

Bibi Hosiyat alitoka na mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa iliyokamua ng'ombe miaka hamsini, na mtoto mikononi mwake alionekana kama mkate uliofunikwa usipoe. Mtoto aliitwa Istad, maana yake abaki. Jina alilitoa yeye bibi. Baba wa mtoto, Shodmon, alikuwa kwenye kazi za ujenzi Urusi na mwanawe alimjua kwa sauti ya simu tu.

Savrigul akatundika mzigo kwenye ndoano. Sindano ikayumba, ikatulia. Akatoa uzito wa vile vitambaa kwa hesabu ya kichwani.

"Kilo tatu na mia nne," akasema kwa sauti, kama alivyozoea kusema kila nyumba, ili watu wa ndani wasikie na wafurahi.

Bibi Hosiyat hakufurahi. Hakuwahi kufurahi. Aligeuka upande, akatema mate ya uongo mara tatu, akamfunika mtoto uso na kumrudisha ndani upesi kana kwamba mvua inakuja.

Savrigul akaandika. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na mia moja. Wiki ya kwanza alishuka kidogo, kama watoto wote. Kisha tatu na mia moja hamsini, kisha tatu na mia tatu, na leo tatu na mia nne. Mstari ulipanda vizuri. Mukarrama angenyamaza.

Bibi aliporudi barazani, Savrigul alimuuliza maswali yake ya kila wiki huku mkono mmoja ukifunga mkoba. Mama anakula? Anakula, uji wa unga wa kukaangwa na mafuta, asubuhi, mchana na jioni. Ana homa? Hana. Mtoto analala? Hapo Bibi Hosiyat, ambaye maneno yake yalitoka kwa taabu, alilegea kidogo, maana aliulizwa jambo la kujivunia.

"Mtoto huyu hana usumbufu. Halii. Hata kijungu cha susu sijakimwaga tangu jana asubuhi. Wengine huloweka nyumba nzima."

Savrigul akasema vizuri, akaaga, akashuka ngazi.

Alikuwa ameshafika langoni, mkono umeshika komeo, maneno yale yalipomfikia. Watoto wa huko hulazwa katika susu, kile kitanda cha mbao cha kubembea, wamefungwa kwa mikanda wasijigeuze, na mkojo hupita kwenye kijibomba cha mti ukaingia kijunguni chini yake. Kila mwanamke wa bonde lile amewahi kumwaga kijungu hicho mpaka mgongo ukamuuma. Mtoto wa siku ishirini na sita anayenyonya vizuri hujaza. Hiki kilikuwa kikavu tangu jana asubuhi.

Alisimama pale na komeo mkononi. Nyumba ya sita ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya kijito. Kadi ilikuwa imeandikwa, mstari unapanda. Alitamani asingeuliza lile swali la mwisho. Alitamani pia apate mahali pakavu pa kukaa, dakika kumi tu, asiwaze mtoto wa mtu yeyote. Kisha akageuka akapanda ngazi tena, akijishikilia ukutani.

"Umesahau nini?" Bibi Hosiyat akamuuliza.

"Nimesahau kumwona mtoto."

"Si umemtundika sasa hivi kama mbuzi wa buchani?"

"Nimetundika vitambaa, bibi. Mtoto sijamwona tangu azaliwe. Nataka kuingia."

Bibi akaziba mlango kwa mwili wake. Akasema watu wa zahanati walianza na mizani, sasa wanataka chumba, kesho watadai wapewe na susu walalie.

"Kwa nilivyochoka leo," Savrigul akasema, "hiyo susu ningeilalia kweli, na ungenibembeza wewe."

Kidogo mama mzee acheke, akajizuia. Alikuwa amejiandaa kwa mahubiri. Waliowahi kuja kutoka wilayani walimhubiria, wakamwambia mambo yake ni ya watu wasiosoma, na yeye aliwasindikiza mpaka langoni kwa heshima zote akaendelea na mambo yake. Savrigul hakuhubiri. Alivua koti akalitundika msumarini nje. Alivua viatu, soksi zilizolowa, na kitambaa cha kichwa kilichopita nyumba nne siku hiyo. Akaomba maji, akanawa mpaka viwikoni. Akasema, haya, nifukize utakavyo.

Bibi Hosiyat akaleta kikaango chenye makaa, akamwagia yale majani makavu yanayofukuza jicho baya la watu. Moshi ukapanda mweupe na mchungu.

"Zunguka."

Akazunguka.

"Tena."

Akazunguka tena, machozi yakimtoka kwa moshi, magoti yakilalamika, mpaka mwenye nyumba akaridhika na kumpisha.

Ndani mlikuwa na joto la jiko na harufu ya maziwa na mafuta ya kukaanga. Nozanin, mke wa Shodmon, alikaa kwenye magodoro kando ya susu. Alikuwa na miaka ishirini. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipotaka kusimama kumwamkia mgeni alisimama kwa vipande viwili, kwanza mgongo, kisha mwili uliobaki. Savrigul akamwambia akae. Akamchukua mtoto, akamlaza magodoroni, akaanza kufungua.

Kitambaa cha kwanza kilitoka. Chini yake palikuwa na mkanda mpana wa maua mekundu uliozungushwa tumboni mara tatu, nao haukuwa kati ya vitambaa vilivyopimwa siku ile ya kwanza. Vidole vyake vikagusa vitu vigumu. Mkanda ulikuwa umeshonwa mifuko midogomidogo kila mahali. Palikuwa na hirizi ya ngozi, lakini hiyo ilikuwa nyepesi. Palikuwa na mawe ya mtoni, yale yenye tundu la asili katikati. Palikuwa na misumari ya kwato za farasi. Palikuwa na kufuli la chuma, la zamani, kubwa kama ngumi ya mtoto.

"Hivi vyote vilikuwemo tangu mwanzo?" akauliza.

Aliyejibu ni Nozanin, kwa sauti ndogo, akitazama goti lake.

"Kila ukiondoka, mama anaongeza."

Savrigul akaufungua mkanda, akauweka kando, akafungua kilichobaki. Alikuwa kazini miaka ishirini na minne na alishaona watoto wa hivi, si mara moja. Mapaja yalikuwa ya mzee. Alifinya ngozi ya tumbo kidogo na ngozi ikabaki imesimama. Utosi ulikuwa umebonyea. Mtoto hakulia kwa kufunguliwa. Alimtazama tu, kwa macho makubwa na ya utulivu, na utulivu ule ndio waliokuwa wakiusifu.

Mizani ilikuwa imebaki barazani. Bibi Hosiyat mwenyewe ndiye aliyekwenda kuileta, bila kuambiwa. Wakamtundika mtoto mtupu katika shali ya mama yake, wakatoa shali. Kilo mbili na mia saba. Kisha Savrigul akautundika mkanda. Gramu mia saba.

Akakaa chini. Kila wiki alikuwa amesimama mlangoni na kutaja namba, na kila namba ilileta jiwe, na kila jiwe likaleta namba nzuri zaidi. Mtoto alipungua katikati ya hayo na hakuna aliyeona.

"Kwa nini, bibi?" akauliza, si kwa ukali. Hakuwa na nguvu za ukali.

Bibi Hosiyat alisimulia akiwa amesimama, akiangalia jiko. Kabla ya Shodmon alizaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza alikufa siku ya kumi na tisa. Wa pili alifika siku ya thelathini na moja, mnene, anacheka. Siku hiyo akaja mgeni, mke wa fundi wa mitambo ya maji, akamwinua mtoto mbele ya watu akasema huyu mzito kama jiwe. Siku ya tatu wakamzika.

"Sasa wewe," akasema, "kila wiki unakuja mlangoni kwangu unasema uzito wake kwa sauti, njia nzima isikie. Ulitaka nifanyeje? Nikuzibe mdomo? Wewe ni serikali. Nikaongeza kinga."

Savrigul akamgeukia Nozanin, akamwomba amwonyeshe kifua. Msichana aliona haya mbele ya mkwewe, akasita, kisha akafungua vifungo. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika, moja ikiwa na gamba la damu. Alikuwa akinyonyesha kama wanavyonyonyesha wengi, mtoto amefungwa ndani ya susu na mama ameinama juu yake, amekumbatia ule mti unaopita juu ya kitanda. Mtoto alikuwa akishika ncha tu. Akichoka, analia. Akilia, bibi humpa vijiko viwili vya maji ya sukari ya mawe, naye hulala.

"Inauma hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, mama mdogo."

"Na hukusema?"

Nozanin alifunga kifungo kimoja akakifungua tena. "Nilikuwa nasikia humu ndani. Ulikuwa unasema anaongezeka. Nikajua maziwa yanatosha, basi maumivu ni ya kila mtu, mimi ndiye dhaifu."

Hilo lilimwingia Savrigul kuliko yote aliyosikia siku hiyo. Alisafisha bakuli la chai kwa maji yaliyochemka, akamwonyesha Nozanin namna ya kukamua taratibu, na maziwa yakatoka, kidogo kwanza, kisha ya kuridhisha. Wakamlisha Istad kwa kijiko cha chai. Kijiko cha kwanza kilimwagika kidevuni. Cha pili alikikawiza mdomoni mpaka wote watatu wakaacha kupumua, kisha akameza.

Alipomaliza vijiko kumi na viwili, Savrigul akasema mtoto lazima aende hospitali ya wilaya leo, sasa hivi.

Bibi Hosiyat akakataa. Alikataa kwa utulivu, kama mtu anayekataa kuuza shamba. Zilibaki siku kumi na nne. Na hospitali ile ilikuwa imejaa wazazi, arobaini za watu ishirini chini ya paa moja, milango wazi, kila mtu akiingia na kutoka. Mgeni mmoja tu alitosha kumwua mwanawe, sasa apeleke mjukuu kwa ishirini? Kijiko amemeza, wote wameona. Watampa kijiko hapahapa. Akaomba Savrigul amfundishe Nozanin, naye mwenyewe atakesha naye.

Ilikuwa kweli kwamba mtoto amemeza. Na muuguzi mwingine, aliyechoka kidogo zaidi, angelishika neno hilo akaenda zake. Savrigul alilipima kwa muda. Angeweza kuahidi kurudi kesho. Angeweza pia kupaza sauti, kumtisha mama mzee kwa polisi na mkuu wa wilaya, na labda mlango huo usingefunguka tena kwake wala kwa mwingine.

Akachukua kadi ya mtoto na kalamu. Akapiga mstari juu ya namba ya wiki ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, na ya leo, polepole, mistari iliyonyooka. Pembeni akaandika mbili na mia saba. Akampa Bibi Hosiyat kadi, maana alijua mama mzee alisoma shule zamani na macho yake yalikuwa bado mazuri.

"Hukunidanganya, bibi. Namba hizi niliandika mimi. Nilizipenda kwa sababu zilipanda, na nilipima mlangoni kwa sababu sikutaka kuvua viatu. Sasa soma alipozaliwa, soma na leo. Anapungua kila wiki. Kwa mwendo huu hafiki arobaini. Mawe hayawezi, na mimi na kijiko peke yetu hatuwezi. Amekauka, anahitaji watu wa kumtazama kila saa."

Bibi alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko namba zilivyohitaji. Jiko lililia kwa kuni mbichi. Nozanin alikuwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi chini ya shali, na hakumtazama mkwewe, lakini alikuwa tayari amevaa soksi. Alizivaa lini, hakuna aliyemwona.

"Wataniruhusu nikae naye?" Bibi Hosiyat akauliza.

"Nitawaambia."

"Na wakikataa?"

"Tutakaa wote wawili kwenye benchi la nje mpaka watuonee haya."

Mama mzee akavua koti lake zito akamvika Nozanin. Akaokota ule mkanda, akaanza kuung'oa uzi kwa meno, mfuko mmoja baada ya mwingine, mpaka akaipata ile hirizi ya ngozi. Akaishika kiganjani akamtazama muuguzi, kwa mara ya kwanza kama mtu anayeomba. Savrigul akaichukua, akaipima kwa mkono, akamrudishia.

"Hii aende nayo."

Jirani mmoja, Qurbon, aliwasha gari lake, na gari likakataa mara tatu kabla ya kukubali. Bibi Hosiyat alitangulia na kikaango chake, akafukiza viti, akafukiza usukani, akamfukiza na Qurbon, ambaye alikohoa akasema kama gari lingekuwa la kuonewa wivu lisingekuwa lake.

Hospitalini daktari kijana aliitazama ile kadi iliyochorwa mistari, akauliza nani aliyeijaza hivi. Savrigul akasema ni yeye. Daktari akamtazama, akaandika jambo kwenye karatasi yake, hakuuliza zaidi. Chumba walichopewa kilikuwa na wazazi wengine watatu. Bibi Hosiyat alitundika shali yake kati ya kitanda chao na vingine, akakaa mbele yake kama mlinzi wa ghala, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Siku mbili mizani haikusogea. Savrigul alipita kila jioni baada ya kazi, basi la mwisho likimwachia dakika ishirini tu, na kila jioni muuguzi wa pale alitikisa kichwa. Istad alikuwa akilishwa kila baada ya saa mbili kwa kikombe kidogo, na Nozanin alikuwa akifundishwa kumshika akiwa hana mkanda wala susu, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi kama wa ndege. Aliuma meno kwa maumivu. Siku ya tatu waliona gramu ishirini. Siku ya nne vidonda vya chuchu vilikuwa vimekauka na mtoto akalia, kilio halisi cha hasira, na Bibi Hosiyat aliyeshukuru kwa utulivu wake wiki nne alikaa pale akisikiliza kilio kile bila kumnyamazisha.

Zahanatini, Mukarrama alisema kadi imechafuka, aandike mpya. Savrigul akasema ibaki ilivyo. Mukarrama akafungua mdomo, akaufunga, na kunyamaza kwake safari hii hakukuwa sifa. Baadaye akauliza kama zipo nyumba nyingine za kupimia mlangoni. Zilikuwepo mbili. Savrigul alikuwa ameshazirudia, alfajiri ya Jumatano, akavua viatu, akafukizwa, akafungua. Mtoto wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili alikutwa na kisu kizima cha jikoni kwenye vitambaa, lakini hata bila kisu alikuwa mnene kama mwanakondoo, na bibi yake alimwomba Savrigul tafadhali asiseme hivyo.

Siku ya nane Istad alirudishwa Safedob akiwa na kilo mbili na mia tisa hamsini, mtupu kabisa. Alikuwa bado hajafikia uzito wake wa kuzaliwa. Zilibaki siku sita za arobaini, na Bibi Hosiyat akazifunga kama kawaida, taa ikawaka, kisu kikarudi chini ya mto. Susu ilisogezwa ukutani. Ilikuwa ya kulalia tu sasa, si ya kunyonyeshea. Nozanin mwenyewe alilisema hilo mbele ya mkwewe, na mkwewe akasema haya.

Savrigul alifika kesho yake. Alivua koti, viatu, soksi, kitambaa. Alinawa. Alizunguka moshini mara mbili bila kuambiwa. Ndani alimfungua mtoto, akampima, akaandika, akamgeuzia Bibi Hosiyat kadi asome kwa macho. Bibi akasoma, akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Kisha Nozanin akakaa na mto mapajani, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, na Savrigul akaketi kando kutazama anavyoshika. Alishika vibaya. Akamwachisha kwa kidole, akasubiri mdomo ufunguke, akamsogeza upesi. Akashika vizuri. Bibi Hosiyat akaleta chai ya maziwa yenye chumvi, mkate umemegewa ndani, siagi ikielea juu, akaliweka bakuli mikononi mwa Savrigul na kusimama hapo mpaka alipokunywa.

Nyumba ya tano ilikuwa hii. Ya sita ilikuwa juu, ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimejaa theluji iliyoyeyuka. Savrigul aliegemea magodoro yaliyopangwa ukutani, apumzishe mgongo kidogo huku akimsikiliza mtoto anavyomeza. Alikuwa akihesabu mafunda, kama alivyowafundisha akina mama wahesabu. Akafika kumi na tatu.

Huko barazani simu ililia ndani ya koti lake. Akajaribu kuinuka, magoti hayakumsikiliza. Akamsikia Bibi Hosiyat akitoka, akipokea, akisema kwa sauti kubwa ya watu wasioiamini simu kwamba ndiyo, muuguzi yupo hapa. Upande wa pili ulisema jambo refu. Ilikuwa sauti ya Mukarrama, ilivyo nyembamba.

"Hawezi kuja kwenye simu," Bibi Hosiyat akasema. "Anafanya kazi."

Mukarrama akasema jambo jingine.

"Mtoto ananyonya, naye anatazama. Mpaka amalize. Wewe utamharakisha mtoto kunyonya?"

Akakata. Alirudi ndani, akavuta mfarishi mzito kutoka juu ya rundo, akaifunika nao miguu mitupu ya Savrigul, na kumwambia Nozanin aongee polepole, kana kwamba Nozanin alikuwa ameongea. Savrigul akasema ataamka sasa hivi. Wakamjibu ndiyo, sasa hivi.